Vyombo vya Watu

Wamama, kaeni. Mimi nitasimama, kwa sababu magoti yangu nikiyakunja hayakunjuki upesi, na mwenyekiti ameniambia nisile wakati. Kuomba tumeomba, chai tumekunywa. Sasa nisikilizeni.

Hiki nilichofunika na leso hapa mezani msikiulizie. Nitakifunua nikimaliza. Wewe unayenyoosha shingo pale nyuma, rudisha shingo.

Nimesimamishwa kwa sababu kuna wasichana wamejiunga nasi mwezi huu, na nimesikia wengine wanauliza habari ya mkopo kabla hata hawajajua choo cha hapa kiko wapi. Sikatai. Kukopa si dhambi. Lakini sikieni kwanza njia niliyopita mimi, ili mkiingia muingie mkijua matope yako wapi. Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, kwa hivyo sitawapigia hesabu. Na sitataja jina la mtu. Waliomo humu watajijua, na mtu akijijua anyamaze.

Mimi nilianguka kwa sababu ya viti.

Binti yangu wa pili alipata mchumba, kijana wa watu wa Mitunguu, watu wa ndizi na maji ya mfereji. Wakatuma neno kwamba wanakuja kuongea mambo ya mahari. Nikaangalia nyumba yangu. Viti vya mbao vitatu, kimoja kimefungwa na waya. Nikamwambia mzee wangu, "Hawa watu watatuonaje?"

Akasema, "Wanakuja kuona msichana. Viti wanavyo kwao."

Nikamwambia, "Wewe hujui mambo."

Wamama, mzee wangu huongea mara chache, na kila mara nimekataa kumsikiliza nimelipa.

Nikaenda mahali wanapokopesha. Si hapa. Wakati huo hiki kikundi nilikuwa nakidharau, nasema ni cha watu wa shilingi kumi kumi. Nikanunua sofa zile za kuzama, ukikaa lazima uvutwe mkono ndiyo usimame. Nikanunua kabati la vioo, na sahani za maua za kulisha mazishi mawili, na thamosi sita, na glasi za mguu mrefu, ambazo mpaka leo sijui katika nyumba yetu zilikuwa za kunywea nini. Nikaweka zulia juu ya sakafu ya udongo. Mnacheka. Chekeni, nilistahili.

Wageni walikuja. Wakala, wakasifu mchele, wakasifu msichana. Hakuna hata mmoja aliyesifu kiti. Mzee wao mmoja aliikataa sofa kabisa, akasema inamvunja mgongo. Akaletewa kile kiti cha waya, akakaa hapo mchana kutwa, ameridhika kama mtu aliye kwake. Jioni wakaenda. Mimi nikabaki na viti na deni. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Mimi harusi yenyewe sikuwa nimeifikia.

Mwaka huo bonasi ya majani chai ilikuja kidogo. Nikakopa mahali pa pili ili nilipe pa kwanza. Hapo wasichana mnisikie vizuri. Kulipa deni kwa deni ni kama kuziba shimo la fuko na udongo uliouchimba hatua mbili mbele. Unaziba hapa, umefungua pale, na fuko bado yumo shambani anakula viazi.

Nikashindwa kulipa, na wale wakopeshaji wakaja kubeba vitu mchana, saa ile watu wanapeleka chai kituoni, barabara imejaa. Hawakuwa na matusi. Walikuwa na karatasi na lori. Wakatoa sofa, kabati, zulia. Halafu wakaenda zizini wakamfungua ng'ombe wangu, na ng'ombe alikuwa na mimba ya miezi saba. Sofa sikulilia. Ng'ombe nililia. Mpaka leo nikisikia lori likipanda kile kilima chetu na kubadilisha gia, huwa nasimama, hata kama nilikuwa nimelala.

Na vitu havikutosha deni. Tulilipa lililobaki miaka minne. Tulichuma chai za watu. Mzee alichimba matuta ya watu kwa kibarua, na umri wake ule. Avokado zilinunuliwa na broka zikiwa bado kwa mti, hazijakomaa, tukachukua bei aliyosema yeye. Tulikunywa chai bila maziwa, na kuna siku tuliita maji ya moto chakula.

Lakini hatukufa njaa, kwa sababu ya watu. Hapa sasa ndipo nataka mkae vizuri.

Watu walituletea chakula. Huyu githeri ndani ya sufuria, yule maharagwe ndani ya bakuli, mwingine uji kwa thamosi. Kuna mama Mwislamu pale sokoni Kianjokoma, mume wake huuza viatu, huyo alituletea pilau siku ya Idi ndani ya hotipoti, na hatukuwa hata tunajuana sana. Na kulikuwa na jirani yangu, tumepakana ua, tumezaa miaka ile ile na kulea pamoja. Huyo alikuwa akija kila Jumamosi na kiondo. Ndani kuna ndizi za kupika, kabichi, siku nyingine mkebe wa gorogoro umejaa mahindi. Anaweka mlangoni, anaenda.

Na nyinyi mnajua tulivyolelewa. Chombo cha mtu hakirudi kitupu. Mtu akikuletea njahi na bakuli, lile bakuli linarudi na kitu ndani, hata kama ni mayai mawili. Mama yangu alikuwa heri akae na sufuria ya jirani mwezi mzima kuliko airudishe na upepo.

Sasa mimi ningetia nini? Nilikuwa naosha chombo, nakipindua juu ya rafu, nasema nitakirudisha avokado zikiiva. Zikaiva kwa broka. Nikasema nitakirudisha tukivuna maharagwe. Tukavuna, tukauza, tukalipa deni.

Na wamama, nawaambia, vyombo navyo vina riba. Bakuli likikaa wiki moja, unalirudisha na mayai mawili. Likikaa mwezi, mayai mawili yanakuwa matusi. Likikaa mwaka, unahitaji jogoo. Na jogoo sikuwa naye. Kwa hivyo nikafanya kile mdaiwa hufanya. Nikaanza kuwakimbia wenye vyombo. Nikimwona mtu kwa njia napita chini kwa mto. Yule jirani wa kiondo akija Jumamosi nikaanza kujificha jikoni, namwambia mzee aseme sipo. Mzee akakataa. Alimwambia, "Yuko, amejificha." Jirani akaweka ndizi chini akaenda, na Jumamosi iliyofuata hakuja tena. Nilisikia baadaye akiuliza watu, "Nilimkosea nini?" Nikasikia, na bado sikuenda.

Basi. Deni la pesa liliisha. Siku hiyo nilirudi na karatasi ya kusema nimemaliza, mzee akaisoma mara mbili, akaikunja, akaenda kulala saa kumi na moja jioni kama mtoto. Ningetaka kuwaambia kwamba hapo ndipo furaha ilianza. Hapana. Deni lilitoka, uoga ukakataa kutoka.

Mtu aliyebebewa vitu hatupi kitu. Nilianza kuweka kila kitu. Mikebe ya mafuta ya kupikia niliosha nikapanga. Mifuko ya unga nilikunja. Mitungi iliyotoboka, nikisema nitaitia viraka. Redio mbili zilizokufa. Magunia, viatu vya mtoto ambaye sasa ana mke, mwavuli bila kitambaa. Nikienda sokoni nikiona mitumba inauzwa bei ya mwisho jioni, nabeba, kwa sababu ni rahisi. Wasichana, kitu rahisi ambacho hukihitaji ni ghali. Nilikuwa najiita mtu wa kubana matumizi. Kweli nilikuwa nimebana kila kitu mpaka sisi wenyewe hatukuwa na pa kupita.

Chumba cha watoto kilijaa kwanza. Wajukuu wakija likizo wanalala sebuleni. Halafu sebule ikajaa, wakaacha kuja. Halafu vitu vikaingia kwetu chumbani. Mzee alikuwa akiingia kitandani kwa upande wa miguu. Siku moja akasema, amelala hapo akiangalia paa, "Mimi nikifa mtanitolea dirishani. Kwa mlango jeneza halitapita."

Nikamwambia asiseme hivyo.

Akasema, "Sijasema nakufa. Nimesema mlango."

Tukaendelea hivyo. Mungu alitubariki na makadamia mwaka huo, tukanunua mtamba, wa kahawia, na doa hapa kwa paji. Mimi mwenyewe nilimwongoza kutoka sokoni kwa kamba, sikukubali apandishwe gari. Nilikuwa na ng'ombe tena.

Halafu panya wakaniingilia mahindi. Magunia mawili yalikuwa nyuma ya vitu, sikuwa nayaona, na nilipoyafikia yalikuwa maganda na mavi ya panya. Chakula cha miezi. Na mnajua niliwaza nini? Mtu mwenye akili angesema, toa takataka. Mimi nilisema, ninahitaji stoo.

Ndiyo nikaja kwa hiki kikundi nilichokuwa nimekidharau. Nikalipa kiingilio, nikangoja zamu yangu, nikaomba mkopo wa mabati na mbao za stoo. Dhamana nikaweka mtamba. Nikamwambia mzee. Akasema, "Ng'ombe tena," akachukua jembe akaenda.

Sasa kikundi chetu, kwa nyinyi wageni, hakitoi mkopo kwa maneno. Kamati huja kwako kuangalia. Walikuja watatu. Mwenyekiti, mweka hazina, na wa tatu ni yule jirani yangu wa kiondo, maana alikuwa amewekwa kwa kamati mwezi ule ule, na mimi sikujua mpaka nilipomwona akifungua geti langu. Tulikuwa hatujaongea karibu miaka mitatu.

Wakaangalia mtamba. Mwenyekiti akasema, "Cucu, nyanya yetu, mtamba ni mzuri. Stoo ni ya kuweka nini?"

Nikasema, "Vitu vya nyumba."

"Tuvione."

Nikafungua mlango kidogo. Hauwezi kufunguka kabisa. Mweka hazina ni mtu mnene, mwenyewe anajijua, aliingia nusu akabaki hapo. Akasema, "Cucu, nyinyi mnaishi humu ama mnalinda?"

Mwenyekiti akavuta gunia moja ili apate njia. Nikamwambia asivute. Akavuta. Rafu ikalegea, vikashuka vyote: sufuria, mabakuli, vifuniko, thamosi, vinagonga vile vinagonga. Na juu yake kikaanguka kiondo. Cha mkonge, kina mistari ya zambarau, mshipi wa ngozi. Kilikuwa kimejaa mifuko mitupu ya plastiki.

Jirani yangu akainama akakiokota. Akaitoa ile mifuko mmoja mmoja, polepole, akaiweka chini. Akasema, "Hiki kilisukwa na mama yangu."

Nikasema, "Najua."

"Nilidhani kilipotea. Nilidhani ulikichukia."

Nikamwambia ukweli, kwa sababu pale hapakuwa na jikoni ya kujificha. Nikasema, "Sikuwa na kitu cha kutia ndani."

Akaniangalia. Huyu mama simjui kwa kulia, na hakulia. Akasema, "Kwa hivyo miaka mitatu ulikuwa unangoja utie nini, ng'ombe? Ungetia jani moja la sukuma. Ungetia habari. Ungekuja tu ukae jikoni kwangu, kiondo kingekuwa kimejaa."

Halafu akamgeukia mwenyekiti akasema, "Mimi kwa huu mkopo nakataa."

Niliona haya, na nilikasirika, nitasema ukweli. Nikasema moyoni, analipiza. Mwenyekiti akasema, "Cucu, kamati imekataa. Wewe huhitaji stoo. Unahitaji siku mbili na wilibaro. Na mtamba huyu asitajwe tena kwa karatasi ya mtu."

Wakaenda. Nikakaa kwa kile kiti cha waya, bado kipo, nikaangalia vile vyombo sakafuni. Nikaanza kuvitenga, vyangu huku, vya watu huku. Vya watu vilikuwa vingi kuliko vyangu. Hapo ndipo nilijua. Nilikuwa nimetembea nikiambia watu sidaiwi na mtu chini ya jua, kumbe nimelala katikati ya madeni, nimeyapanga kwa rafu, nayapanguza vumbi. Na nilitaka kuweka ng'ombe rehani ili niyajengee nyumba.

Asubuhi wilibaro ilikuwa getini. Ilikuwa ya jirani yangu, na yeye alikuwa nyuma yake, amejifunga leso kiunoni. Sikumwita. Akasema, "Tuanze na panya."

Tulifanya siku mbili, kama tulivyoambiwa. Mzee alibeba redio zake mwenyewe mpaka shimoni, akazipigia saluti. Magunia mazima tukampa mwenye kuuza viazi. Nguo za mitumba nilitoa zote. Nikabaki na za shamba, za kanisa na za mazishi. Mikebe mizuri nikatoboa chini nikapanda vitunguu na dania, imepangwa pale nje mpaka leo na haikai bure. Nyumba ikawa na sakafu. Nilikuwa nimesahau rangi yake.

Halafu nikaanza kurudisha. Huo ndio mkopo niliulipa kwa miguu. Kila nyumba chombo na kitu ndani. Sikuwa na jogoo wa kila mtu, nilitia nilichokuwa nacho: viazi vitatu, sukuma, dania ya mkebe. Mmoja alinifungulia mlango akasema, "Mama, sufuria hii nilishanunua nyingine." Nikamwambia, "Sasa una mbili, nipe nafasi nikae." Mwingine alinigombeza dakika kumi, nikasimama nikagombezwa, kisha akaniletea chai. Yule mama wa pilau alicheka sana kuona hotipoti, akasema kwake chombo cha Idi kikirudi ni Idi tena, na nikimaliza soko nisipite bila kula. Hakuna hata mmoja aliyeangalia ndani kwanza. Waliniangalia mimi.

Kiondo nilikipeleka mwisho, maana jirani alikuwa amekiacha kwangu. Alisema hatoki nacho mpaka nikilete kwa miguu yangu. Nilitia jani moja la sukuma. Moja. Alilipika.

Sasa tunaishi hivi. Kitu kikikaa mvua mbili, ile ndefu na ile fupi, bila kufanya kazi, kinatoka. Kikiingia kimoja, kimoja kinatoka. Wale wanaopita na vyombo vya kulipa pole pole wanajua geti langu, hawasimami. Sahani tunazo sita. Wageni wakizidi nakopa sahani kwa jirani, na zinarudi siku hiyo hiyo. Mahindi yako chumba cha watoto, juu ya mbao, nayaona kila asubuhi. Wajukuu wamerudi likizo. Mtamba alizaa jike, na ninywapo chai ya maziwa siongei, nakunywa. Na mzee jana amenionyesha mlango, akaufungua mpaka ukagonga ukuta, akasema, "Sasa naweza kufa vizuri." Nikamwambia akakate nyasi.

Nashukuru Mungu. Nashukuru kamati kwa kuninyima. Watu hushukuru waliowapa, mimi nashukuru walioninyima, na huyo mmoja aliyekataa kwanza, akakuja kesho yake na wilibaro. Yuko humu. Ananiangalia vibaya kwa sababu nimemsema.

Somo langu ni fupi. Wasichana, deni la pesa lina karatasi, likiisha mtapewa karatasi. Yale mengine hayana karatasi. Angalieni rafu zenu. Na ukiwa huna kitu, nenda na mikono mitupu, lakini nenda.

Sasa nifunue.

Hili ni bakuli la chuma, jeupe, mdomo wa buluu, limebanduka hapa. Ndilo lilibaki. Nimezunguka nalo kila nyumba mpaka sokoni Kianjokoma, kila mtu anasema si lake. Mzee anasema nikae nalo. Nimekataa. Nimelijaza maharagwe, nimeyachagua mwenyewe, hayana jiwe. Mwenyewe kama yuko humu, aje alichukue. Kama hayupo, basi humu ndani kuna mtu ambaye wiki hii hana la kupika na anaona haya kusema. Huyo alichukue tukitoka. Mimi nitakuwa naangalia nje dirishani, nisione ni nani.

Na akishakula, alirudishe hapa mezani kwa kikundi, alichukue mwingine. Alirudishe tupu. Tupu, nimesema. Mila naijua, na hii ni mimi nimesema.